Jeneza Kwenye Geti la Njiro

Msumari wa mwisho uling'oka ukadondoka kwenye lami.

"Fungua," Ndeshi alisema.

Mika, mkusanya ushuru wa geti la Njiro, alimwangalia bosi wake kwa macho ya kuomba. Nyundo ilikuwa mkononi, jasho lilikuwa usoni, na nyuma yake watu wa msiba walikuwa wameacha kuimba.

"Dada Ndeshi, na kama kuna mtu ndani?"

"Kama kuna mtu nitaomba radhi. Fungua."

Kwa yule ambaye gazeti la Jumapili iliyopita lilimpita, habari yenyewe ni fupi. Tangu biashara ya nje ifunguliwe na kila mwenye vihela aagize gari lake Dubai, mji wa Arusha umeziba. Ndeshi Ndesanjo, binti wa Njiro aliyesomea mipango miji, ndiye aliyekuja na dawa: ukitaka kuingia katikati ya mji na gari lako asubuhi, lipa. Madiwani walimpa muda wa majaribio, na leo saa nne wanakaa kuamua kama ushuru huo uendelee au ufutwe.

Ni msiba tu usiolipa. Hapo ndipo wajanja walipoona upenyo. Jeneza moja mbele, magari kumi nyuma yenye vitambaa vyekundu, wote wanapita bure! Juzi tu jeneza limekamatwa kwenye geti la pili likiwa limejaa viatu vya mtumba. Na leo asubuhi umefika msafara huu kutoka Sokon One, jeneza liko nyuma ya pikapu, halinuki kitu, na chini yake yanachuruzika maji ya kahawia. Ndeshi aliwauliza wamebeba nini, hakuna aliyemjibu, akaona ameshawakamata.

Mika akainua kifuniko.

Hakukuwa na maiti.

Kulikuwa na shina la mgomba. Lilikuwa bichi, refu kama mtu, limelazwa juu ya shuka jeupe. Lilikuwa limevishwa shati la bluu lililopigwa pasi na tai nyekundu. Utomvu ulikuwa umelowanisha shuka lote upande wa miguuni.

Furaha ilimpanda Ndeshi mpaka kooni. Ndiyo, furaha, tusimfichie. Wiki nzima magazeti yalikuwa yamemwita mwanamke asiye na huruma, na sasa ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

"Nilijua!" alipaza sauti ili foleni yote isikie. "Mmeuvalisha mgomba tai ili msilipe ushuru! Hata haya hamna?"

Alingoja watu wacheke, au wakimbie, au waanze kujitetea. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia yake akaishika kifuani. Akina mama waliokuwa kwenye gari la pili walishika vichwa.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Akashuka mwanamke wa makamo, mwembamba, kanga nyeusi mabegani. Huyu ndiye waliyekuwa wakimwita Mama Manase. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaiweka sawa ile tai, kisha akamgeukia Ndeshi.

"Umemwita nani mgomba?"

"Mama, si unauona mwenyewe? Huu ni..."

"Usirudie!"

Yowe likapanda kutoka kwenye magari yote kwa pamoja. Ndeshi alirudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliitazama vizuri picha iliyofungwa mbele ya pikapu kwa utepe mweusi. Ilikuwa picha ya kijana mwenye mwanya na kovu juu ya nyusi, anacheka.

"Huyo ni mwanangu Manase," mama alisema. "Alikuwa anachimba mawe ya tanzanaiti Mererani. Masika iliyopita shimo lilimfukia. Wamechimba, wamechoka, wameacha. Wewe ni binti wa nani usiyejua mtu asiyepatikana anazikwaje?"

Ndeshi aligeuka akalitazama jeneza.

"Unakatwa mgomba wa shambani kwao," Mama Manase aliendelea, sauti ikianza kukatika. "Anavishwa nguo zake. Akishalazwa tu, anaitwa kwa jina lake mpaka afike kaburini. Hasemwi njiani kuwa ni kitu kingine. Ndiyo maana hatukukujibu ulipotuuliza. Tungekujibu nini? Na wewe umemtangaza mbele ya mji mzima. Nimpeleke Machame nikamzike nani sasa?"

Ndeshi mwenyewe ni Mchaga wa Machame hiyohiyo! Ila Machame ya Ndeshi ilikuwa ya Krismasi: nyama choma, picha na watoto, kisha kurudi Njiro kwenye ukuta na geti. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Ulijua kufungua."

Kijana mmoja aliyevaa suti nyeusi na miwani ya jua akajipenyeza kati yao. Alikuwa Stanley, mshirika wa marehemu kule machimboni. Yeye ndiye aliyenunua jeneza, akakodi pikapu, na tangu asubuhi alikuwa akiwahimiza watu waende haraka.

"Mama, yaishe," Stanley alisema. "Tupigilie misumari tuondoke. Tukizika tumezika, nani atauliza?"

"Hata wewe, Stanley?" Mama Manase alimkazia macho. "Wewe uliyekula naye sahani moja?"

Stanley akarekebisha miwani yake.

"Teremsheni jeneza," mama akaamuru.

"Wapi, mama?"

"Hapa hapa. Katikati ya barabara."

Wanaume wanne wakalishusha. Wakaliweka kwa upana, mbele ya boriti la geti, na Mama Manase akaketi chini kwenye lami ubavuni mwa mwanawe. Akina mama wakateremka mmoja mmoja wakaketi nyuma yake. Barabara ya kutoka Njiro ikafungwa.

"Umeandika kwenye bango lako kwamba msiba haulipi," alimwambia Ndeshi. "Basi huu ni msiba. Jeneza litakaa hapa mpaka mniletee sale, wewe na baba yako. Hilo jani unalijua, au nalo hulijui?"

Hilo Ndeshi alilijua. Hata mtoto wa Kichaga aliyezaliwa nyuma ya ukuta anajua sale: lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini, ambalo mkosaji akikunyooshea huwezi kumkatalia.

Tatizo lilikuwa baba.

Simu ya mkononi ikalia. Ndeshi aliitazama namba. Alikuwa mheshimiwa Melkizedeki, mwenyekiti wa kamati ya madiwani.

"Ndeshi! Nimekwama nyuma huku karibu na kona, sioni mbele. Kuna nini?"

"Mheshimiwa, kuna msiba kidogo..."

"Msiba kidogo? Nasikia umefungua jeneza!"

"Naomba muda mfupi tu. Nitaondoa foleni."

"Wewe uliajiriwa kuondoa foleni, sasa unaitengeneza? Nimeshapiga simu. Gari la askari linakuja kulisogeza jeneza hilo pembeni. Na kikao kikianza mimi niko hapa barabarani, mradi wako umekufa."

Simu ikakatwa.

Askari wasogeze jeneza! Ndeshi aliwatazama wale akina mama waliokaa chini. Hakuna hata mmoja ambaye angenyanyuka. Vingetokea virungu, na mama wa watu angeburutwa kwenye lami mbele ya mtoto wake. Wakati ule, msomaji, mradi wenyewe ulimtoka kichwani. Alichotaka ni kusamehewa, jeneza liondoke kwa heshima kabla king'ora hakijasikika.

"Mika, baki hapa. Mtu asiguse kitu."

"Dada, na lile Pajero je?" Mika alinong'ona. "Lile la vioo vyeusi nyuma ya msafara. Limewafuata tangu mbali, lakini halina kitambaa chekundu. Nalo ni la msiba?"

"Achana na Pajero!"

Akakimbia kurudi nyuma kando ya foleni, viatu vya kisigino mkononi.

Sasa, Mzee Ndesanjo hakuwa mbali. Kila asubuhi tangu ushuru uanze, mzee huyo mwenye duka la vipuri katikati ya mji aliegesha pikapu yake nje ya geti la binti yake, akafunga milango, akatembea kwa miguu mpaka dukani. Alisema afadhali magoti yaishe kuliko kulipia barabara aliyoitumia tangu ikiwa vumbi. Wateja wake wenye magari walikuwa wamehama. Tangu Pasaka baba na mtoto hawakuwa wamesemezana.

Ndeshi alimkuta amesimama kwenye bega la barabara, fimbo mkononi. Alikuwa ameona kila kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nimekosa."

"Nimeona."

Alingoja amcheke. Alingoja amwambie nilikwambia. Mzee akamtazama miguu iliyokuwa peku, na Ndeshi akaanza kulia waziwazi pale barabarani mbele ya madereva.

"Wanataka sale, baba. Wanataka uje nalo wewe na mimi. Najua umenikasirikia. Niseme nafuta ushuru? Nitafuta. Nitakwenda kwenye kikao mwenyewe niseme..."

"Nani amekuuliza ushuru?" Mzee Ndesanjo alikunja uso. "Ushuru wako ni ujinga na nitaupinga mpaka nife. Lakini hili ni jambo la watu. Shika fimbo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba iliyozungushiwa ua wa masale. Mzee alibisha hodi, akaongea Kichaga maneno mawili na mwenye nyumba, akachomoa kisu kidogo mfukoni. Alichagua jani moja refu lisilo na doa, akalikata, akalifunga fundo katikati.

"Nisikilize," alimwambia bintiye akimkabidhi. "Mimi ninatangulia nikasimame upande wa mama yule, maana mkosaji haongozwi kwa mkono. Wewe unakuja peke yako. Lishike juu lionekane. Usilishushe njiani. Sale ni la anayelinyoosha. Ukinyooshewa na mtu, huwezi kukataa. Na likishapokewa limekwisha kazi, hulichukui tena ukampelekea mwingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Na vaa viatu."

Mzee akatangulia. Ndeshi akavaa viatu, akafuta uso, akaanza kutembea kuelekea kwenye jeneza, jani likiwa juu. Madereva waliokuwa wakipiga honi waliliona wakaacha. Mmoja wa Kikatiti aliyebeba ndizi alizima kabisa injini ya lori lake. Njia nzima ikawa kimya, na katika ukimya ule, kwa mbali, upande wa mjini, king'ora kikaanza kulia.

Aliongeza mwendo. Alikwishamwona baba yake amesimama nyuma ya Mama Manase. Yalibaki magari machache tu.

Ghafla Pajero yenye vioo vyeusi ikanguruma ikarudi nyuma kwa nguvu, ikagonga bampa ya gari lililoifuata, ikakata usukani ikapanda bega la barabara. Ndeshi aliruka pembeni. Kama angechelewa kidogo, tairi lingemkanyaga mguu. Gari likajaribu kugeuza, likagota kwenye mtaro, likakwama kwa kukingama mbele yake.

"We dereva!" Ndeshi aligonga kioo kwa kiganja. "Unaua watu! Kuna msiba hapa, unakimbilia wapi?"

Kioo hakikushuka.

"Fungua kioo!"

Kikashuka kidogo, kisha kikashuka chote.

Aliyekaa kwenye usukani alikuwa na mwanya. Juu ya nyusi kulikuwa na kovu.

Ndeshi aligeuza shingo akaitazama ile picha ya utepe mweusi kule mbele kwenye pikapu. Akarudisha macho ndani ya gari. Mkono ulioshika sale ukashuka mpaka kwenye dirisha.

"Usipige kelele, dada," mtu yule alisema. "Nakuomba usitaje jina."

"Wewe... wewe ndiye..."

"Ni mimi."

"Mama yako amekaa kwenye lami analilia shina, na wewe uko hapa kwenye kiyoyozi?" Hasira ilimpanda Ndeshi kuliko woga. "Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Nilikuja nimwone tu. Kwa mbali. Nilidhani msiba utapita moja kwa moja, si mnapitisha misiba bure? Nisingefika hapa kama ningejua mtasimamisha na askari wataitwa." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila kuyafuta. "Dada, shimo lile halikuporomoka lenyewe. Nilikuwa chini, kamba ikakatwa juu, halafu ndipo mawe yakaanza kushuka. Nilitambaa nikatokea shimo la jirani. Aliyekata kamba anaamini nimekufa. Siku atakayojua niko hai atakwenda kwa mama yangu kwanza, kwa sababu anajua ndiko nitakakorudi."

"Nani huyo?"

"Yupo pale. Amevaa suti nyeusi."

Ndeshi hakuhitaji kugeuka. Ndiyo maana Stanley alitaka misumari ipigiliwe haraka. Ndiyo maana alilipia kila kitu. Nani angemtafuta mtu ambaye tayari ana kaburi?

"Tukaseme polisi," alinong'ona. "Askari hao wanakuja."

"Ushahidi wangu haujafika. Yuko mtu mmoja aliyeona, ameahidi kufika kesho. Nipe mpaka kesho tu. Acha nizikwe leo."

"Siwezi. Nikitaja jina lako sasa hivi, mama yako anafurahi, jeneza linaondoka, barabara inafunguka, mimi nasamehewa. Unataka niende nikamdanganye tena mama yule yule?"

Manase alishusha macho. Alilitazama lile jani kwenye ukingo wa dirisha. Kabla Ndeshi hajatambua kinachotokea, alikuwa ameshalichomoa vidoleni mwake.

"Hapana," Ndeshi alisema. "Hilo ni la mama yako."

"Najua ni la nani."

Akalishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamnyooshea.

"Nakuomba kwa hili."

Maneno ya baba yake yalikuwa bado ya moto masikioni. Ukinyooshewa na mtu, huwezi kukataa. Asubuhi hii alishavunja desturi moja kwa kutojua, na mama wa watu akaketi chini. Hii ya sasa angeivunja kwa kujua. Na nyuma ya desturi kulikuwa na uhai wa mwanamke yule mwenye kanga nyeusi.

Ndeshi alipokea jani.

Kioo kikapanda. Ndani ya gari hakikuonekana tena kitu.

"Mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya Mama Manase, na haikuwa na ukali tena. Alikuwa amesimama, ameshikwa mkono na Mzee Ndesanjo, na kanga ilikuwa imemwangukia kiunoni.

"Mbona umesimama? Lete. Baba yako amesema na mimi vizuri. Hasira imenichosha. Lete hilo sale nikuachie, tumfunike mwanangu, nimpeleke nyumbani."

Ndeshi akatembea. King'ora kilikuwa kimefika karibu na geti. Mika alikuwa ameinua kifuniko cha jeneza, tayari kukirudisha. Stanley, miwani usoni, alikuwa ameinama ameshika pembe ya mbele ili walinyanyue mara moja. Kila kitu alichokitaka Ndeshi asubuhi ile kilikuwa mbele yake: jeneza linaondoka, mama anasamehe, barabara inafunguka. Na jani lililokuwa mkononi mwake lilikuwa limekwisha kazi.

Akapiga magoti. Mama Manase akanyoosha mikono yote miwili.

"Ndeshi! Simama!"

Mzee Ndesanjo alikuwa ameachia mkono wa mama yule. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, tafadhali..."

"Hilo sale umelipokea kwa mtu. Nimekuona kwa macho yangu." Mzee hakuwahi kujua kusema kwa sauti ndogo. "Ni nani amekuomba msamaha ndani ya gari lile?"

Stanley akaachia pembe ya jeneza. Akavua miwani, akanyooka polepole, akaitazama ile Pajero iliyowafuata njia nzima, sasa imekingama kule nyuma. Kisha akaanza kutembea kuifuata, mkono mmoja ndani ya koti.

Injini ya Pajero ikanguruma. Tairi zikazunguka zikirusha udongo. Lakini mbele kulikuwa na msiba, nyuma kulikuwa na magari mpaka kwenye kona, na gari lile halikuwa na pa kupita.